Viatu vya kitambaa vya Kichina: soli ya matabaka, ya mpira, ya plastiki, au raba za Feiyue?

Muuza viatu wa Beijing ukimwambia unataka buxie, yaani viatu vya kitambaa, bado hujamwambia kitu. Yule niliyemkuta mimi mara ya kwanza, mama wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani, alinitazama miguu, akaguna (navaa namba 42 na mimi ni mwanamke), halafu akauliza: utavikanyagia wapi? Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mchezo, kwamba nimeanza taiji, ule mchezo wa mapigano wa Kichina wa mwendo wa polepole, na huenda baadaye nikaongeza mitindo ya kung fu ya Shaolin. Habari za mchezo hakuzijali. Alitaka kujua sakafu.

Siku ile nililiona swali la kizembe. Sasa nimeshachakaza pea kumi na ushee, nyingi zikiwa zimefia Dar es Salaam, na mtu akiniuliza anunue vipi naanza na hilohilo. Viatu hivi kwa juu vinafanana kama mapacha: kitambaa cheusi, ukingo mweupe, mdomo wa mviringo, lastiki mbili ubavuni. Tofauti iko chini, mahali ambapo picha za mtandaoni huwa hazionyeshi.

Aina nne

Awe mwanafunzi wa Beijing, awe mfanyabiashara anayepita Guangzhou, au ameagiza kwa simu na anasubiri mzigo, Mswahili anayenunua leo atakutana na aina nne. Ya kwanza ni soli ya kitambaa kitupu, qiancengdi, maana yake "soli ya matabaka elfu". Ya pili ina sehemu ya juu ileile lakini chini ni mpira, au kile Wachina wanachokiita niujin, "mshipa wa ng'ombe". Hakuna ng'ombe humo. Ni soli ya kiwandani ya rangi ya kahawia inayopitisha mwanga kidogo, na imepewa jina hilo kwa sababu inavutika na kurudi. Ya tatu ni ya plastiki nyembamba, ndivyo vile vinavyouzwa kila nchi kama "viatu vya kung fu", na waliokua wakimwangalia Bruce Lee kwenye mabanda ya video watavitambua mara moja. Ya nne si buxie hasa, lakini huwezi kuiacha nje: Feiyue, raba za turubai za Shanghai zenye mistari myekundu na ya buluu.

Kuna pia viatu maalumu vya taiji vya ngozi na vile vya mashindano ya wushu, yaani sanaa za mapigano za Kichina. Hivyo nimeviacha makusudi. Ni viatu vya ukumbini, navyo havitembei na wewe hadi sokoni.

Goti ndilo linalolipa

Kwenye taiji mguu unageuzwa kila baada ya hatua chache. Unarudisha uzito nyuma, unageuza mguu wa mbele, uzito unarudi. Anayejifunza husahau kutoa uzito kwanza, akageuka mguu ukiwa bado umebeba mwili mzima. Soli inayoteleza kidogo itamsamehe, kwa kuwa mguu utazunguka wenyewe. Soli iliyong'ang'ania chini haisamehi: kiwiliwili kinakwenda, unyayo unabaki, na kinachosokotwa hapo katikati ni goti.

Langu lilisokotwa katika bustani ya Tiantan, Hekalu la Mbinguni, kusini mwa Beijing, pale wazee wanapojaa tangu alfajiri. Nilikuwa nimevaa raba mpya za kukimbilia, soli ina meno kama tairi la trekta, na chini ni mawe yaliyosawazishwa. Nilichechemea wiki tatu. Mzee tuliyemwita shifu, yaani mwalimu, hakunipa hata pole. Alinyanyua mguu akanionyesha soli yake, kitambaa kilichopauka na kulainika kama busati la zamani, kisha akaurudisha chini na kuuzungusha polepole juu ya jiwe. Shhh. Akasema, "Sikiliza." Kiatu cha mpira hakitoi sauti hiyo. Kinalia nyii, kisha kinagoma.

Kwa hiyo soli ya kitambaa ndiyo mshindi? Kwenye jiwe, kwenye saruji iliyopigwa laini na kwenye sakafu ya mbao, ndiyo, na wala si kwa taiji tu bali kwa mtindo wowote wa kusimama chini na kuzunguka. Ila nilipozirudisha pea zilezile Dar nikajaribu hatua za kwanza sebuleni, juu ya vigae vinavyong'aa, niliteleza kama niliyekanyaga ganda la ndizi. Pamba kavu juu ya kigae kilichopigwa deki vizuri haina pa kushika. Kiatu kilichoniokoa goti Tiantan kilitaka kunivunjia nyonga nyumbani. Hapo ndipo nilipomwelewa yule mama na swali lake.

Soli ya matabaka, tukiiangalia kwa karibu

Vitambaa vya pamba vinapakwa uji wa unga, vinabandikwa kimoja juu ya kingine kwenye ubao, vinaanikwa hadi vikakamae kama kadibodi. Kadibodi hiyo inakatwa kwa umbo la unyayo, vipande vinazungushiwa utepe mweupe ukingoni, vinarundikwa, halafu inaanza kazi ya kushona: sindano nene inatoboa njia, uzi wa katani unapitishwa, unavutwa kwa nguvu mpaka uzame kwenye kitambaa. Tundu linalofuata, hivyohivyo. "Elfu" ni majigambo ya jina, maana soli ya kawaida ina matabaka thelathini hivi.

Duka linalotajwa kwanza kila mara ni Neiliansheng, lililoanzishwa Beijing mwaka 1853 na Zhao Ting, na bado lipo mtaa wa Dashilan karibu na Qianmen. Kipimo chao cha kushona kwa mkono ni mishono 81 kwa kila cun moja ya mraba, na cun ni kama sentimita 3.3. Chukua rula upime eneo hilo kwenye kiganja chako, kisha jaribu kupanga nukta 81 humo. Soli ikishashonwa inaloweshwa maji ya moto na kupigwa nyundo ili matabaka yashikane yawe kitu kimoja. Ufundi huo uliingizwa mwaka 2008 kwenye orodha ya taifa ya urithi usioshikika wa China. Lakini kwa sehemu kubwa ya historia yake kiatu hiki hakikuwa cha dukani kabisa. Vijijini kaskazini mwa China kilishonwa nyumbani na akina mama na bibi usiku, kwa matambara ya nguo zilizochakaa, na wakati wa vita dhidi ya Japani wanawake wa vijiji hivyo waliwashonea wapiganaji wa Jeshi la Njia ya Nane, jeshi la Wakomunisti wa China.

Ukivaa, wiki mbili za kwanza utajuta. Soli mpya haikunjiki. Unatembea kama uliyefungiwa vibao. Halafu siku moja inakubali. Inashuka pale kisigino kinapokaa, inabonyea chini ya kidole gumba, na tangu hapo kiatu ni chako peke yako. Mguu haulowi jasho, na harufu haipo hata ukivaa bila soksi. Sijawahi kuvaa kitu kingine kilichovumilia joto la Februari la Dar namna hii.

Adui yake ni maji. Soli ikilowa inavimba, inakuwa nzito, na inaweza kuchukua siku mbili kukauka. Ukiisahau kwenye begi msimu wa masika utakuta imeota ukungu wa kijani. Adui wa pili ni saruji iliyoachwa bila kusawazishwa. Pea yangu ya kwanza ya Dar, mazoezi mara tatu kwa wiki kwenye uwanja wa shule, ilimaliza miezi minne, matabaka ya mbele yakaanza kufunguka kama kurasa za msahafu wa madrasa.

Nikazipeleka kwa fundi viatu wa mtaani kwetu Magomeni. Alikigeuza kimoja, akakibonyeza, akakikuna ukingoni kwa ukucha akihesabu.

"Dada, hiki kiatu au godoro?"

Nikamweleza jinsi kinavyoshonwa. Akatikisa kichwa, "Huyo aliyeshona hana watoto wa kulisha." Kisha akakata mpira wa tyubu ya baiskeli, kipande cha mbele na kipande cha kisigino, katikati akaacha kitambaa kitupu, akapiga gundi, akaviweka chini ya jiwe hadi jioni. Mafundi wa Beijing hufanya vivyo hivyo, na siku hizi ziko soli za matabaka zinazotoka dukani zikiwa tayari na viraka vya mpira. Viatu vile vilinifaa mwaka mzima mwingine. Lakini shhh haikuwepo tena. Ukishatia kiraka, umepata kiatu kizuri cha kutembelea na umepoteza kiatu cha kuzungukia. Ndiyo maana nina pea mbili, moja ina viraka na nyingine iko wazi, na iliyo wazi haivuki kizingiti cha ukumbi.

Soli ya mpira na niujin

Hapa sina mengi ya kusema, na hiyo ni sifa. Ukitaka kiatu kimoja tu cha kuendea kazini, sokoni na msikitini, chukua hiki. Kinakunjika tangu siku ya kwanza, kinapita kwenye tope jepesi bila kulowa kwa chini, na fundi yeyote anaweza kukibandika upya. Niujin inashika vizuri kwenye vigae, kwa hiyo kama mnafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa vigae au terazo, kitambaa kitawaangusha na hii itawafaa. Ila jifunze kutoa uzito kabla ya kugeuka. Wapo walimu wanaopenda mwanafunzi aanze na mpira kwa sababu hiyohiyo: kosa analisikia palepale. Mimi na goti langu hatukubaliani nao.

Kasoro yake ni kwamba mguu unapata joto zaidi, na soli za bei ya chini zinaachia ukingoni zikikaa sana juani.

Plastiki

Ni nyepesi, ni rahisi, na mkiandaa onyesho la watoto ishirini hamtapata mbadala wa bei ile. Zaidi ya hapo sizipendi. Soli ni ngumu bila kuwa imara. Kwenye kigae kikavu inateleza kidogo, kwenye kigae chenye maji inateleza kabisa, na ikifika mwaka inapasuka palepale vidole vinapokunjika. Ndani mguu unachemka. Wengi huanza na hizi kwa kuwa ndizo zilizopo, kisha wanasema viatu vya Kichina ni vibaya. Kiatu cha Kichina kwa kweli bado hawajakivaa.

Feiyue

Jina linamaanisha kuruka kwenda mbele. Ni raba ya turubai, soli ya mpira nyembamba na laini kiasi kwamba ukikanyaga jiwe dogo utalijua umbo lake. Wanafunzi wa Shaolin wameivaa kwa miongo mingi, na si kwa ajili ya picha. Mguu unakunjika ukiwa ndani yake, unarusha teke bila kuvuta uzito, na ukitua kutoka hewani unashika.

Kabla hujalipa, jua kwamba Feiyue ni mbili. Mwaka 2006 jina hilo lilianza kuuzwa Ufaransa kama kiatu cha mitindo, kilichotengenezwa upya, kinene zaidi na ghali zaidi. Ukiwa Ulaya ndiyo utakayoikuta kwanza. Kwa matembezi haina neno. Kwa mazoezi tafuta ya Kichina, ile ya bei nafuu.

Kuilinganisha na soli ya matabaka ni kulinganisha sakafu na kazi. Uwanja wa shule wenye changarawe, nyasi zenye umande, mitindo ya kuruka na kukimbia: Feiyue, bila ubishi, na soli ya kitambaa ibaki begini. Mizunguko ya taratibu kwenye saruji laini: kitambaa. Katikati ya hizo mbili kuna siri ya watu wa taiji wasio na hela: Feiyue iliyochakaa. Alama za soli zikishafutika inaanza kuteleza kidogo, na watu huitunza kwa ajili hiyo wakati wengine wangeitupa.

Kwa mguu wa kwetu shida yake ni upana. Imebana mbele, na turubai halitanuki kama kitambaa cha buxie. Mimi nilitoka malengelenge kwenye kidole kidogo. Mguu ukiwa mpana panda namba moja, uweke soksi nene.

Mbali na mazoezi

Wachina wanakiita kile cha lastiki ubavuni lanhanxie, kiatu cha mvivu, kwa kuwa hakina kamba ya kufunga. Kwetu uvivu huo ni adabu. Nyumba tunazoingia tunavua mlangoni, msikitini tunavua, na kiatu unachokivua kwa ncha ya mguu mwingine bila kuinama kinakufanya usiwazuie watu kizingitini. Cheusi kinakubali kanzu, suruali na gauni. Kwa wanawake kipo pia cha mkanda mmoja, ambacho mimi huvaa ofisini na hakuna aliyewahi kukiita kiatu cha mazoezi.

Ila daladala ikijaa mtu akakukanyaga, utajua kuwa ni kitambaa. Na aina zote nne ni bapa, hazina kitu chini ya upinde wa unyayo. Mwenye maumivu ya kisigino, au anayesimama dukani kutwa, aweke soli ya ndani au atafute kiatu kingine kabisa.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Soli ya matabaka inaigwa sana. Bandia ya kwanza ni plastiki iliyochapwa alama za mishono kwa chini. Pitisha ukucha, kama uzi hauinuki hata kidogo, ni chapa tu. Ya pili ni ya ujanja zaidi: tabaka mbili tatu za kitambaa nje, ndani sponji. Hiyo ikunje. Soli mpya ya kweli inakataa kukunjika. Ya sponji inakubali kama mkate. Mshono wa mashine unakwenda kwa mistari iliyonyooka, wa mkono una kuyumba kidogo, na bei inapanda kutoka makumi ya yuan hadi mamia. Kwa mazoezi ya kawaida mashine inatosha kabisa. Mkono nunua siku umeamua kukaa na kiatu.

Kukifua, usikiloweke. Brashi kavu kwanza, kisha kitambaa chenye maji kidogo. Ukingo mweupe ukilowa, ufunike na karatasi laini ya chooni mpaka ukauke kivulini, la sivyo utabaki na mstari wa njano. Hilo nilifundishwa bwenini na Mchina mwenzangu wa chumba kimoja, na linafanya kazi hata kwenye raba.

Namba zao hazina fumbo. Simama juu ya karatasi jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, chora, pima urefu kwa sentimita, zidisha kwa mbili, toa kumi. Sentimita 25 ni namba 40, sentimita 26 ni 42. Viatu vya kike huishia 40 kwa kawaida, hivyo wenye miguu kama yangu tuelekee upande wa wanaume bila aibu. Buxie chukua inayokugusa vidole bila kuvikunja, kwa kuwa kitambaa kitatanuka. Muuzaji umwambie pia neno jiaofei, mguu mnono, maana anaweza kuwa na umbo pana la namba hiyohiyo.

Neiliansheng walikuwa na daftari la vipimo vya miguu ya maofisa wa Beijing. Inasimuliwa kwamba wadogo wa kazi waliotaka kumpendeza mkubwa walikwenda dukani, wakaagiza buti zinazomtosha bila kumgusa mguu. Daftari langu ni kipande cha boksi kilichoko kwa rafiki yangu Guangzhou, kimechorwa nyayo mbili kwa kalamu ya wino: kulia 26, kushoto 25.8, jiaofei, na chini yake nimeandika "saruji laini".